Nambari 496.392: Tahakiki ya Mpango wa Dewey kwa Jicho la Mwalimu wa Kiswahili



Katika ukurasa huu wa tahakiki tumezoea kuchambua riwaya, tamthilia na diwani za mashairi. Safari hii tumeamua kuhakiki kitabu ambacho wengi wetu hatujawahi kukifungua, ingawa kila tuingiapo maktaba huwa tunatembea ndani yake. Kitabu hicho ni mpango wa uainishaji wa desimali uliobuniwa na Melvil Dewey, yaani mpango unaozipa nambari rafu za maktaba nyingi za shule na vyuo duniani. Huenda mtu akauliza: walimu wa lugha wana nini na nambari za rafu? Tunaomba msomaji avute subira kidogo, kwani suala hili limetugusa.

Mwaka jana mwanafunzi wetu mmoja wa uzamili alikuwa akiandaa pendekezo la utafiti kuhusu tendi za kale. Alikwenda katika maktaba moja tunayoitumia, akaandika neno "utenzi" kwenye kompyuta ya katalogi, akapata vitabu viwili tu. Alirudi akaandika katika pendekezo lake kwamba marejeleo ni haba, nasi katika jopo tukakubali bila kuhoji. Miezi michache baadaye maktaba hiyohiyo ikatuletea orodha ya vitabu vilivyopendekezwa kuondolewa rafuni kwa kuwa havikuwa vimeazimwa kwa miaka 10. Ndani ya orodha hiyo mlikuwa na vitabu 31 vya Kiswahili, na 9 kati yake vilikuwa matoleo ya tendi pamoja na maelezo yake. Kumbe vitabu vilikuwapo na msomaji wake alikuwapo. Walipishana mlangoni kwa miaka mingi, na sasa vitabu vilikuwa vinahukumiwa kwa kosa la kutopata msomaji.

Tulipofuatilia tuligundua kwamba baadhi ya tendi hizo ziliorodheshwa kwa tahajia ya "utendi", ambayo ni ya lahaja za kaskazini, na hakuna aliyeziunganisha na "utenzi". Nyingine zilikuwa katika rafu za dini ya Kiislamu. Nakala moja ya chapa ya mashine ya utendi wa Tambuka, ule wa mwaka 1728 ambao pia huitwa Chuo cha Herekali, ilikuwa imewekwa katika nambari 378, mahali pa elimu ya juu. Aliyeiorodhesha aliona neno "chuo" akadhani habari ni ya chuo kikuu. Hakujua kwamba katika Kiswahili cha kale chuo ni kitabu, na ndiyo sababu mtoto aliyekwenda kujifunza kukisoma aliambiwa amekwenda chuoni.

Je, kosa ni la nani? Ni la mpango, la mkutubi, au la sisi walimu? Hilo ndilo swali la tahakiki hii.

UFUNDI WA MPANGO WENYEWE

Mhakiki mwadilifu huanza na sifa. Dewey alikuwa kijana wa miaka 24, akifanya kazi katika maktaba ya Chuo cha Amherst nchini Marekani, alipochapisha mpango wake mwaka 1876. Kilikuwa kijitabu cha kurasa 44 kisichokuwa na jina la mwandishi. Kabla ya hapo maktaba nyingi zilikipa kitabu nambari ya mahali: chumba fulani, kabati fulani, rafu fulani. Kabati likijaa, au maktaba ikihamia jengo jingine, nambari zote huharibika. Dewey aliipa nambari mada badala ya mahali. Maarifa yote aliyagawa katika madaraja 10, kila daraja likagawanywa mara 10 tena, na baada ya nukta mtu anaweza kuendelea kugawanya anavyotaka. Kitabu kipya kikija, huingia kati ya ndugu zake bila kuwasumbua wengine. Fikra hiyo ni rahisi na ina nguvu, na ndiyo iliyoufanya mpango udumu hadi toleo la 23 la mwaka 2011, lililojaza juzuu 4. Siku hizi husasishwa katika intaneti.

Kwa upande wa lugha yetu, kuna jambo ambalo mpango umelipata sawasawa. Nambari ya Kiswahili ni 496.392. Isome kama unavyochanganua kitenzi, kiungo kwa kiungo: 4 ni lugha, 496 ni lugha za Afrika, 496.3 ni lugha za Niger-Kongo, 496.39 ni lugha za Kibantu, kisha 496.392 ni Kiswahili. Kiarabu kiko mbali kidogo, 492.7, pamoja na Kisemiti chenzake. Kila mwaka tunapokea wanafunzi wanaoshikilia kwamba Kiswahili kilizaliwa na Kiarabu, kwa hoja kwamba "kitabu" na "maktaba" ni maneno ya Kiarabu. Tunaweza kuwapeleka kwenye rafu waone kwa macho yao. Maneno yalikopwa, ama ngeli, viambishi na sintaksia ni mali ya Kibantu, na nambari inasema hivyohivyo.

KASORO: MLANGO WA "NYINGINEZO"

Baada ya sifa, tuingie katika kasoro. Daraja la 400 limegawanywa hivi: Kiingereza kina 420, Kijerumani 430, Kifaransa 440, Kiitaliano 450, Kihispania 460, Kilatini 470 na Kigiriki 480. Hapo nafasi saba zimekwisha. Zilizosalia zote, yaani Kichina, Kihindi, Kiarabu, Kirusi na lugha za Afrika zinazokadiriwa kuwa takribani 2000, zimesongamana katika 490, ambayo maana yake ni "lugha nyingine". Kilatini, ambacho leo hakina mtoto anayekipata kwa mama yake, kina nafasi kumi kamili. Lugha nyingi za Afrika zina nafasi moja, 496.

Daraja la fasihi limefuata nyayo hizohizo. Riwaya ya Kiingereza hukaa 823, tarakimu tatu. Riwaya ya Kiswahili hukaa 896.3923, tarakimu saba. Shakespeare peke yake ana nambari yake, 822.33, tarakimu tano. Fasihi yote ya Kiswahili, tangu tendi za kale hadi riwaya za leo, ina 896.392, tarakimu sita. Mtu mmoja amepewa chumba cha mbele, na taifa zima la waandishi likaambiwa lizunguke nyuma. Katika dini mambo ni yaleyale: nambari kuanzia 220 hadi 280 na ushei ni za Biblia na Ukristo, na dini nyingine zote zimewekwa 290, Uislamu ukiwa 297.

Msomaji asidhani tunalalamikia heshima tu. Urefu wa nambari una matokeo kazini. Lebo ya mgongo wa kitabu ni ndogo, kwa hiyo maktaba ndogo aghalabu hukata nambari ndefu. Ukikata 896.3923 ikawa 896, riwaya ya Kiswahili, ushairi wa Kizulu na tamthilia ya Kiyoruba vyote vinakuwa kitu kimoja rafuni. Ukikata 823 huwezi, maana ni fupi tayari. Hivyo ukataji uleule unaoiacha riwaya ya Kiingereza mahali pake unaipoteza ya Kiswahili msituni.

Kasoro ya pili ni kutawanyika. Sarufi ya Kiswahili iko 496.392, fasihi andishi iko 896.392, ngano ziko 398.2 na methali ziko 398.9. Tafsiri hufuata lugha ya asili: Mabepari wa Venisi ya Julius Nyerere, ya mwaka 1969, hukaa na Shakespeare, na Shetani Msalabani ya Ngũgĩ wa Thiong'o hukaa na fasihi ya Kigikuyu. Kila uamuzi ukiutazama peke yake una mantiki yake. Lakini mwanafunzi wa Kiswahili anayesoma isimu, fasihi simulizi, fasihi andishi na tafsiri katika muhula mmoja inambidi azunguke jengo zima, na hakuna aliyempa ramani.

Hata hivyo, hapa tunalazimika kuutetea mpango tunaouhakiki. Tulipousoma kwa makini tuliona kwamba unatoa ruhusa. Maktaba inaweza kuipa lugha yake ya nyumbani nafasi ya 410, au kuitanguliza kwa herufi ili ije kabla ya 420. Na katika fasihi inaweza kuipa 810. Mlango wa mbele, basi, haukufungwa kwa kufuli. Umesindikwa tu, unangoja mwenye nyumba ausukume. Kwa nini basi wenye nyumba wengi hawausukumi? Ili kulijibu swali hilo hatuna budi kuutazama ukutubi wenyewe kama taaluma.

TAALUMA ILIYOZALIWA NA KADI

Mwaka 1876 ulikuwa wa baraka kwa wakutubi. Mwaka huohuo uliotoa mpango wa Dewey, Chama cha Maktaba cha Marekani kiliundwa mjini Philadelphia, na mwaka uliofuata Waingereza wakaunda chao. Mwaka 1887 Dewey alifungua katika Chuo cha Columbia, New York, shule ya kwanza ya ukutubi nchini Marekani. Kati ya wanafunzi 20 wa kwanza, 17 walikuwa wanawake, jambo ambalo wakuu wa chuo hawakulipenda, na miaka miwili baadaye shule ikahamia Albany. Wanafunzi hao walifundishwa hata mwandiko maalumu, ili kadi iliyoandikwa na mkutubi mmoja isomeke sawa na ya mwingine. Dewey mwenyewe hakuwa mtu wa kusifiwa bila kipimo: mwaka 2019 chama hichohicho alichoshiriki kukiunda kiliondoa jina lake kwenye medali yake, kutokana na ubaguzi wake dhidi ya Weusi na Wayahudi na mwenendo wake mbaya kwa wanawake.

Tunasimulia haya kwa sababu ile habari ya mwandiko inatufunulia tabia ya taaluma. Ukutubi ulijipatia heshima kwa njia ya usawa wa utaratibu: kadi moja, mwandiko mmoja, nambari moja, popote duniani. Faida yake ni kubwa. Hatari yake ni kwamba mtu anaweza kudhani kuwa akishaujua utaratibu amekijua na kitabu.

Katika Afrika Mashariki taaluma hii ni changa. Idara ya vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilisambaza vitabu kwa masanduku na kwa posta hadi vijijini. Mwaka 1960 Sydney Hockey alitoa ripoti kuhusu maendeleo ya huduma za maktaba katika nchi zetu, na bodi za maktaba zikafuata kwa sheria: Tanganyika mwaka 1963, Uganda mwaka 1964 na Kenya mwaka 1965. Mwaka huohuo wa 1963 Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilifunguliwa hapa Uganda, Makerere, ili kuzihudumia nchi zote tatu. Tarehe 9 Desemba 1967 Rais Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Baadaye kila nchi ilijijengea mafunzo yake: Kenya ikaanzisha kitivo katika Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1988, na Tanzania ikaanzisha chuo cha ukutubi na nyaraka Bagamoyo mwaka 1989.

Ni safari ya kujivunia. Lakini mafunzo hayo yalitolewa kwa Kiingereza, na zana zake zote zilikuwa za Kiingereza. Orodha ya vichwa vya mada ya Maktaba ya Bunge la Marekani, inayotumiwa na maktaba nyingi za vyuo, iko kwa Kiingereza, na humo lugha yetu imeandikwa bila kiambishi chake cha ki-. Mwanafunzi akiandika "Kiswahili" au "ushairi" mahali pa mada, kompyuta humjibu kwa ukimya. Majina ya waandishi nayo yana mtihani wake. Wanafunzi humwita mwandishi "Said Ahmed", ilhali kwa kanuni ya kutanguliza jina la mwisho vitabu vyake viko kwenye herufi M, Mohamed. Asiyejua hutafuta kwenye S, kisha kwenye A, kisha huenda zake.

Siku hizi pia ni rahisi kwa maktaba kunakili rekodi ya kitabu iliyokwisha kutengenezwa ng'ambo kuliko kuandika yake. Jambo hili linaokoa muda na fedha, na hatuwezi kuwalaumu wakutubi wachache wenye marundo ya vitabu sakafuni. Ndiyo maana pia ile ruhusa ya 410 haitumiki: maktaba itakayohamisha Kiswahili itakuwa imejitenga na rekodi za wenzake, na kila kitabu kitahitaji kazi ya mkono. Tunakubali hoja hii. Kwa hiyo, tofauti na wahakiki wengine wa mpango wa Dewey, hatudai rafu zibomolewe na kupangwa upya. Tatizo letu la tendi halikusababishwa na 490. Utendi wa Tambuka haukupelekwa 378 na Dewey. Ulipelekwa huko na mtu aliyejua nambari zote bila kujua neno moja la Kiswahili cha kale.

S. R. Ranganathan, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras, India, aliweka mwaka 1931 kanuni tano za ukutubi, na mbili kati yake zinatosha kuwa kipimo chetu: kila msomaji apate kitabu chake, na kila kitabu kipate msomaji wake. Ranganathan alikuwa mwalimu wa hisabati kabla ya kuwa mkutubi. Hata hivyo kanuni zake zinaanza na kitabu na msomaji. Nambari ni mtumishi wao. Kwa kipimo hicho, maktaba iliyoorodhesha vitabu vyetu 31 kwa ajili ya kuondolewa ilikuwa na nambari safi na imeshindwa mtihani.

NYANI HAONI KUNDULE

Hapa ingefaa tumalizie kwa kuwanyoshea wakutubi kidole, lakini haki haituruhusu. Tulijiuliza: katika miaka 10 ambayo vitabu hivyo havikuazimwa, sisi walimu tulikuwa wapi? Tulikuwa tunafundisha tendi kwa kurasa zilizotolewa nakala, zilezile tulizopewa na walimu wetu. Orodha za marejeleo za kozi zetu hatukuzipeleka maktaba hata mara moja. Vitabu vingine tulivyoazima viko makabatini mwetu tangu tulipoajiriwa, na mwanafunzi anayevihitaji hupiga hodi ofisini badala ya kwenda rafuni. Na mkutubi alipotuandikia barua kututaka maoni kuhusu ununuzi wa vitabu vipya, barua ilikaa kwenye trei mpaka bajeti ikafungwa. Mtu tuliyemchukulia kama mlinzi wa vitabu na mgonga mihuri alikuwa ametutafuta kama mwanataaluma mwenzetu, nasi hatukuitika.

Jambo hili sasa ni la haraka. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Walimu wanahitajika kwa wingi, na walimu hao watakuja kusoma kwetu. Kitabu kitakachoondolewa rafuni leo kwa kukosa msomaji ndicho watakachokiulizia kesho, na matoleo mengi ya tendi hayachapishwi tena. Kikiuzwa kwa kilo hakirudi.

TUFANYE NINI?

Tulikutana na wakutubi wa maktaba ile mara mbili, na tunashukuru kwamba walitupokea vizuri. Tulikubaliana mambo manne. Kwanza, vitabu vyote 31 visimame mahali pake hadi mwisho wa muhula ujao. Pili, idara itaandaa orodha ya maneno ya kutafutia kwa Kiswahili, yenye kuunganisha maumbo yanayotofautiana, kama vile utenzi na utendi, ili katalogi imwelekeze msomaji kutoka umbo moja hadi jingine. Kazi hii haigusi nambari hata moja, na kompyuta inaiweza. Tatu, kila mwalimu atapeleka maktaba orodha ya marejeleo ya kozi yake kabla ya muhula kuanza, na kurudisha vitabu vilivyolala kabatini. Nne, kabla kitabu chochote cha Kiswahili hakijaorodheshwa, mkutubi atakuwa na mtu wa kumpigia simu idarani.

Kwa muda mrefu zaidi, tunapendekeza kwamba vyuo vinavyofundisha ukutubi katika nchi zetu viweke kozi ya Kiswahili kwa wakutubi: ngeli, lahaja, majina ya watu wa pwani na bara, tanzu za fasihi na istilahi zake. Hali kadhalika mwanafunzi wa Kiswahili asome walau muhula mmoja wa ukutubi. Lugha hii ina maneno yote yanayohitajika kwa kazi hiyo, maktaba, mkutubi, katalogi, uainishaji. Inachokosa ni watu wenye miguu yote miwili, mmoja katika lugha na mwingine katika rafu.

Hukumu yetu kuhusu kitabu tulichokihakiki ni hii: mpango wa Dewey ni kazi ya fundi hodari aliyepima nyumba kwa kimo cha jamaa zake. Tunaweza kuishi humo, mradi tusimwachie yeye kazi ya kumwambia mgeni nani anakaa chumba gani.

Mwanafunzi wetu wa tendi amebadilisha pendekezo lake. Ile sentensi ya marejeleo haba ameifuta. Katika vile vitabu 9 ameshaazima 5, na mihuri ya tarehe imeanza kugongwa kwenye kurasa zilizokaa nyeupe miaka mingi. Vitabu vingine 22 katika orodha bado vinangoja. Majina yake yamebandikwa katika ubao wa matangazo wa idara. Tunaomba kila mwanafunzi na mwalimu achague kimoja, aende rafuni, akiazime na akisome.